Hita ya bafuni inamaliza uniti

Swali: Fundi, tuko wanne hapa Njombe. Tangu tufunge hita ya umeme bafuni, uniti za LUKU zinayeyuka. Nikihamia sola ya maji moto nitapata nafuu, au baridi ya Julai itanikwamisha?

Jibu: Nafuu utaipata. Hita ya kilowati 5 ikiwaka dakika 12 tu imekula uniti 1; mkioga wote wanne, 4 zimekwenda, na hapo hakuna aliyeimba bafuni.

Baridi isikutishe, sola hula mwanga wa jua. Adui yake ni mawingu, kwa hiyo chagua tangi lenye hita ndogo ya umeme ndani, uwashe siku hizo tu. Lita 150 au 200 zinawatosha. Paneli ielekee kaskazini.

Wengi huharibu kwenye bomba. Nimekuta nyumba tangi liko upande mmoja wa paa, bafu upande wa pili: mita 15 za bomba la robo tatu, tupu, bila sponji. Kila asubuhi karibu lita 5 za baridi zinamwagwa ndipo moto ufike. Mwambie fundi aweke tangi juu ya bafu.