SOMO: BABA WA NYUMBA NA KAZI YA NCHI

Wapenzi wakatekumeni, wengi wakisikia amri ya nne hufikiri ya kuwa imewekwa kwa ajili ya watoto tu: mtoto amheshimu baba na mama, basi, imekwisha. Sivyo. Amri ileile yamfunga baba na mama vilevile, wawalishe na kuwalea wale waliopewa. Tena walimu wa dini wa tangu zamani wameifundisha pamoja na wajibu wa mtu kwa nchi yake. Kwa hiyo amri moja inabeba mizigo miwili, na iko siku mizigo hiyo inapigana juu ya bega la mtu mmoja. Somo la leo ni juu ya siku hiyo.

Tuseme yuko kijana wa Mwadingusha, mvuvi katika lile ziwa la Lufira lililofanyika mwaka 1930 walipojenga ukuta wa kuzuia maji ili kupata nguvu ya umeme. Ana mke na watoto watatu. Siku za uchaguzi zinakaribia. Motokari ya chama inafika, anapewa nguo yenye picha ya mkubwa, anaambiwa: twende Likasi, nchi inakuhitaji. Anatundika nyavu ukutani, anapanda. Siku kumi na nne hakuna habari. Anaporudi, mkewe anamwuliza alikuwa wapi. Anajibu: «Nilikuwa katika kazi ya nchi.» Naye mke anasema: «Vema. Na unga, ni kazi ya nani?»

Msiharakishe kumhukumu mume, wala msiharakishe kumcheka mke. Wako watu wakubwa kuliko kijana huyu waliokutwa na swali lilelile, na mmoja wao alipita hapa kwetu.

Mwezi wa Januari mwaka 1960, katika gereza la Jadotville, ambayo leo ni Likasi, aliletwa mfungwa mmoja, Patrice Lumumba. Alizaliwa Onalua katika Kasai mwaka 1925, akafanya kazi ya karani katika posta ya Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Mwaka 1958 yeye na wenzake walianzisha chama kilichoitwa MNC. Hakukaa Jadotville siku nyingi, maana mkutano wa kupatana juu ya uhuru ulikuwa umeanza Brussels na wajumbe wa Kongo walidai afunguliwe. Akatoka gerezani, akapanda ndege kwenda Ubelgiji. Na ilipofika tarehe 30 Juni mwaka uleule, Kongo ilipopata uhuru, yeye alikuwa Waziri Mkuu.

Hayo mmeyasikia mara nyingi. Lakini nyumbani kwake habari zilikuwaje? Mkewe, Pauline Opango, aliolewa naye mwaka 1951, akiwa msichana mdogo bado. Miaka ya siasa ya mume wake ilikuwa kwake miaka ya kungojea: mume safarini, mume mkutanoni, mume gerezani. Uhuru wenyewe haukumletea raha ndefu. Mwezi wa Septemba 1960 Rais Kasavubu alimwondoa Lumumba katika kazi yake, kisha akafungiwa nyumbani mwake Leopoldville, askari wa Umoja wa Mataifa wakiizunguka nyumba ili kumlinda, na askari wa Kongo wakiwazunguka hao ili asitoke. Watoto wakubwa, François, Patrice na Juliana, walitolewa kwa siri wakapelekwa Misri. Juliana alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Mwezi wa Novemba mtoto wao mchanga, msichana, alikufa mbali katika Uswisi. Baba hakuwa na ruhusa ya kutoka aende kumzika mtoto wake.

Tarehe 27 Novemba, usiku wa mvua, Lumumba alitoroka, naye akashika njia ya Stanleyville, mahali walipokuwa rafiki zake. Pauline na mtoto mdogo Roland walikuwa pamoja katika safari hiyo. Sasa angalieni yaliyotukia njiani. Katika vijiji watu walimtambua, wakafunga njia kwa furaha, wakamtaka aseme nao. Naye akasimama, akasema nao. Saa zikapita, na askari waliomfuata wakazidi kukaribia. Wakafika mto Sankuru, mahali paitwapo Lodi. Wanasimulia ya kuwa yeye alitangulia kuvuka kwa mtumbwi, na mke na mtoto walibaki ng'ambo ya pili wakingojea zamu yao. Ndipo askari wakafika upande ule, wakamkamata Pauline na mtoto.

Lumumba alikuwa amekwisha kuvuka. Mbele yake palikuwa na njia. Wenzake walimsihi asirudi. Akarudi, akakamatwa.

Mtu aweza kusema: alikosa, maana nchi nzima ilikuwa inamngoja. Mwingine atasema: alifanya kama impasavyo mume. Katika mambo ya vita na ya vyeo yule wa kwanza ana hesabu yake, na hesabu yake si ya uwongo. Lakini mtu huyu alikuwa amekwisha kumpoteza mtoto mmoja bila kumwona kaburini. Yule mvuvi wetu na aketi kidogo ukingoni mwa Sankuru, aitazame mitumbwi, kabla ya kusema ya kuwa mwenye kazi ya nchi hana haja ya kutazama nyuma.

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliletwa kwa ndege mpaka Elisabethville, leo Lubumbashi, wakiwa wamepigwa vibaya. Usiku ule wakauawa porini, mahali panapoitwa Shilatembo, upande wa njia ya kutoka Lubumbashi kuja Likasi. Wakubwa wa Katanga walikuwapo, na Wabelgiji walikuwapo. Kisha miili yao ikafukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi, ili pasiwe na kaburi. Habari ilipotangazwa mwezi wa Februari, Pauline alitembea katika njia za Leopoldville kifua wazi, kama wafanyavyo wajane katika desturi za maombolezo, akaenda kuwaomba wakubwa wa Umoja wa Mataifa mwili wa mume wake. Hakuupata.

Basi nyumba ile ikaendelea bila baba. Watoto walikulia Cairo. Lakini siasa haikutoka katika damu. François alikuja kukiongoza chama cha baba yake. Juliana alikuwa waziri katika serikali ya Laurent Kabila. Mwaka 2020 huyo Juliana alimwandikia mfalme wa Ubelgiji kuomba mabaki ya baba yake. Maana askari polisi mmoja Mbelgiji, aliyefanya kazi ile ya asidi, alikuwa amechukua jino na kulipeleka kwao. Tarehe 20 Juni 2022 watoto walikabidhiwa jino hilo Brussels. Likazungushwa katika nchi, Onalua, Kisangani, na huku kwetu mpaka Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Pauline hakuona siku hiyo. Alikuwa amekufa mwezi wa Desemba 2014, baada ya miaka 53 ya ujane.

Hatusemi ya kuwa Lumumba alikuwa mume asiye na kosa. Walioandika maisha yake wanataja ndoa nyingine na wanawake wengine, na jambo hilo halifichiki. Somo hili halimfanyi mtakatifu. Linataka tu mtazame nani alilipa. Yeye alilipa kwa miezi michache na kwa uhai wake. Mkewe alilipa kwa miaka 53. Na watoto walilipa kabla ya kujua kusoma.

Sasa tuvuke ziwa Tanganyika, tutazame nyumba ya pili, ya Wakristo wenzetu. Julius Nyerere, mwana wa mtemi wa Wazanaki, alikuwa mkatekumeni kama ninyi. Alibatizwa mwaka 1943 akiwa mtu mzima. Akawa mwalimu. Mwaka 1953 alimwoa Maria Waningu, mwalimu pia. Mwaka 1954 chama cha TANU kikaanzishwa naye akawa kiongozi wake. Na mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa huko New York, ilimlazimu kuchagua kati ya siasa na kazi ya ualimu katika shule ya misioni ya Pugu. Akaacha ualimu. Mtu mwenye mke na mtoto mchanga, bila mshahara! Kwa kitambo alirudi kwao Musoma akafanya kazi ya lugha ya Kizanaki kwa mapadri wa Maryknoll. Na walipokaa Magomeni, Dar es Salaam, Mama Maria alifungua duka dogo, akauza mafuta ya taa na vitu vya nyumbani. Wengi wanajua hotuba za Nyerere, ni wachache wanaolijua duka lile. Lakini bila chakula cha nyumbani hotuba hazisemwi, na anayesema kwamba mke wa mwanasiasa hakufanya siasa hajui bei ya mafuta ya taa.

Katika nyumba hiyo kuna jambo jingine, nalo linahusu wazee. Mwaka 1995 Nyerere alikuwa mzee, ameacha urais miaka kumi iliyopita. Uchaguzi wa vyama vingi ukafika. Yeye akapanda majukwaani kumwombea kura Benjamin Mkapa wa chama cha CCM, chama kilichozaliwa na TANU yake mwenyewe. Na mwanawe Makongoro? Alisimama Arusha kwa chama cha NCCR-Mageuzi, chama cha upinzani, akachaguliwa kuwa mbunge. Baba upande huu, mwana upande ule, katika uchaguzi mmoja, nchi nzima ikiwatazama. Hata hivyo Makongoro alibaki mwana wa Nyerere. Baadaye alirudi CCM, na mwaka 2021 alifanywa mkuu wa mkoa wa Manyara.

Katika vijiji vyetu, je, mambo hayo yanachukuliwa hivyo? Mzee akisikia mwanawe ameshika kadi ya chama kingine, mara nyingi neno la kwanza ni laana. Atamwambia: hukunywa maziwa ya mama yako. Naye kijana atajibu ya kuwa wazee waliiuza nchi. Wote wawili wanaacha kula pamoja, na yule mkubwa wa chama, aliye Kinshasa, hajui hata majina yao.

Hapa Katanga tunajua jambo hilo linafika wapi. Mwaka 1960 CONAKAT ya Moïse Tshombe na BALUBAKAT ya Jason Sendwe ziligawanya watu waliokuwa wakichota maji kisimani pamoja. Tena mwaka 1992 na 1993 siasa iliingia mlangoni kwa nguvu zaidi: watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa hukuhuku, walifukuzwa katika nyumba zao Likasi na Kolwezi, na maelfu wakalala kwenye gare ya Likasi wakingoja gari la moshi, na wengi, hasa watoto, wakafa hapo kwa magonjwa na kwa njaa. Wakati ule palikuwa na nyumba ambazo baba ni wa asili hii na mama wa asili ile. Vijana walioimba nyimbo za chama njiani walikuwa na shangazi au shemeji ndani ya nyumba walizozifukuza. Kijana aliyeambiwa kwamba hiyo ni kazi ya nchi hakuambiwa kwamba nchi yenyewe ni wale watu.

Turudi basi kwa mvuvi wetu. Kosa lake si kwenda Likasi. Kama kila baba angalibaki mekoni mwaka 1959, nani angalidai uhuru? Tena anayefikiri kwamba Mkristo hapaswi kugusa mambo ya serikali aende akasome maisha ya yule mwalimu wa Pugu. Kosa lake ni kwamba alitundika nyavu bila kusema neno. Mtume Paulo alimwandikia Timoteo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani, na hakuongeza kwamba siku za uchaguzi zimeachwa nje. Mzigo ule angeuleta usiku mbele ya mkewe: naitwa Likasi, nitakaa siku kadhaa, samaki wa kukaushwa wako wangapi, unga unatosha mpaka lini, ndugu yangu ataweza kutega nyavu badala yangu? Na mke naye awe na ruhusa ya kusema hapana, au ya kusema: nenda, lakini siku saba, si kumi na nne. Tena kwa nini asiende yeye siku nyingine? Mwanamke ana kura kama mwanamume, na mambo ya bei ya unga anayajua kumpita.

Wazee nao wana sehemu yao. Mzee aliyeona mwaka 1960 au mwaka 1992 na kunyamaza, amwache mwanawe ajifunze kwa moto? Amweleze majina, siku, na yaliyofanyika gareni. Amweleze pia aliyoyafanya yeye mwenyewe, hata kama yanamletea aibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika amri ya nne, baba anadaiwa nini kwa watoto wake?

2. Pale Lodi, kama ungalikuwa mmoja wa wenzake Lumumba, ungalimshauri nini? Kama ungalikuwa Pauline, ungalitaka afanye nini?

3. Je, katika nyumba yako wako watu wa vyama viwili? Mnakula pamoja?

4. Yule mke wa mvuvi aliuliza: «Na unga, ni kazi ya nani?» Mume amjibu nini? Mume na mke walijibu swali hili pamoja, kabla ya motokari kufika.