Pumu na Mapafu Yaliyochoka: Jinsi ya Kupanga Shilingi ya Matibabu Turkana

Mwenye maradhi sugu ya kupumua hapa Lokitaung mara nyingi hununua nafuu kwa rejareja: leo sindano, wiki ijayo dawa ya kikohozi, hali ikizidi nauli ya kwenda Lodwar. Fedha hutoka kila mwezi, na ugonjwa hubaki palepale. Mwongozo huu ni kwa anayelipa kutoka mfukoni na anayetaka kuunganisha dawa za hospitali na mazoezi ya pumzi, chakula na mitishamba. Linalotangulia yote ni mpangilio: kulipia kinga kabla ya kulipia dharura.

Jua kwanza unatibu nini

Kikohozi kilichozidi wiki 2 kipimwe kifua kikuu (TB) kabla ya kitu kingine. Turkana ina wagonjwa wengi wa TB, na katika hospitali za umma dawa zake hutolewa bure. Usinunue dawa za pumu miezi mitatu kumbe unaugua TB na kuwaambukiza watoto nyumbani.

Pumu huja na kuondoka. Kifua hupiga miluzi na kubana, hasa usiku, au vumbi linapovuma na miti ya mathenge inapochanua. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa huingia polepole, mara nyingi kwa mvutaji wa sigara au mama aliyepika kwa kuni ndani ya nyumba miaka mingi. Tena wapo waliopona TB lakini mapafu yakabaki na makovu. Tiba za hali hizi hazifanani, kwa hiyo mwombe daktari aandike jina la ugonjwa wako kwenye kitabu chako cha kliniki.

Lipa panapostahili

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF. Kujiandikisha ni bure, kwa kupiga *147# au kupitia mhudumu wa afya ya jamii. Ukishajiandikisha, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hazipaswi kulipiwa. Katika hospitali kama ya Lokitaung au ile ya rufaa ya Lodwar, bima hufanya kazi ikiwa umechanga. Kiwango cha chini kwa asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa mgonjwa anayelazwa mara kwa mara, hiyo ni ya kulipwa mbuzi anapouzwa, kabla ya matumizi mengine.

Ukiamua kulipa mkononi, iwe hospitali ya misheni au kliniki ya mtu binafsi Kakuma au Lodwar, uliza bei ya kumwona daktari, ya vipimo na ya dawa, kila moja peke yake, kabla ya kuanza. Dai risiti na jina la dawa kwa maandishi. Angalia leseni ukutani: ya kliniki hutolewa na Baraza la Madaktari, KMPDC, na ya duka la dawa hutolewa na Bodi ya Famasia na Sumu. Katika dharura, kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu. Usikae nyumbani kwa sababu mfuko ni mtupu.

Shilingi ya kwanza: dawa ya kuzuia

Inhela ya salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya buluu, hufungua kifua kwa saa chache tu. Haiponyi uvimbe ulio ndani ya njia za hewa. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Anahitaji inhela yenye steroidi, kama beclometasone, au budesonide iliyounganishwa na formoterol. Steroidi ya inhela ni kidogo sana na huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Sukutua maji kila umalizapo kuivuta.

Piga hesabu. Inhela ya salbutamol kwa kawaida ina mipulizo 200. Ukitumia 8 kwa siku, itaisha siku ya 25. Anayemaliza moja kila mwezi yumo hatarini, na ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuomba dawa ya kuzuia.

Usipoteze dawa mdomoni. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe. Toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, uzibe kando kwa utepe. Tikisa inhela, puliza mara moja, kisha vuta pumzi 5 au 6 polepole kupitia mdomo wa chupa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa kama hiyo huwasaidia watoto wenye pumu sawa na kifaa cha dukani.

Weka inhela kivulini. Jua la Turkana huiharibu, na kopo lililoachwa ndani ya gari linaweza kupasuka.

Tiba shirikishi zisizo ghali

Hamishia jiko nje au ongeza tundu la kutolea moshi, na mtoto asikae karibu na moto. Acha sigara. Fanya mazoezi ya pumzi: vuta kwa pua, toa polepole kwa midomo iliyobanwa. Tembea kila siku, ukiongeza umbali kidogo kidogo. Kampala, katika Hospitali ya Mulago, watu walioachwa na makovu ya TB walifundishwa mazoezi ya aina hii kwa wiki 6, wakaweza kutembea mbali zaidi.

Tangawizi na asali hutuliza koo, ila asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Ukienda kwa emuron, yaani mganga wa jadi wa Kiturkana, mweleze dawa unazotumia, na mweleze daktari mizizi uliyopewa. Usiache inhela kwa sababu ya mitishamba. Jihadhari na unga unaodaiwa kumaliza pumu kwa siku moja: dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na steroidi zilizofichwa. Mvuke wa maji ya moto umewaunguza watoto wengi. Aspirini na diklofenaki huwaamshia pumu baadhi ya watu, kwa hiyo taja pumu yako kila unaponunua dawa ya maumivu.

Shambulio likija

Keti wima. Puliza salbutamol mara 4 kwa chupa, moja baada ya nyingine. Ngoja dakika 4, rudia, huku usafiri ukitafutwa. Asiyeweza kumaliza sentensi, aliyebadilika rangi midomo, anayesinzia, au mtoto anayebonyea mbavu apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.

Ukipata nafuu, kazi bado. Rudi kliniki ndani ya wiki moja na uombe dawa ya kuzuia kwa jina lake.