SOMO KATIKA KUZITAMBUA NEEMA TULIZOZIZOEA

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu yangu Muislamu, wewe uliyezaliwa pwani, nadhani hujapata hata siku moja kumshukuru Mola wako kwa kuwa maji ya kisima chako hayakuumi. Huamka alfajiri, ukachota kwa kata, ukaosha uso wako na mikono yako, ukaenda zako msikitini, na huku wanung'unikia joto. Mimi nami nilikuwa hivyo, mpaka nilipokwenda kusomesha Qur'ani Mbeya.

Na khabari ya nchi ile ni hii. Mji wa Mbeya uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,700, na Iringa kadiri ya mita 1,600. Mwezi wa Juni na Julai, wakati ambao sisi pwani twasema kusi imetupoza, huko usiku hushuka baridi ya kuingia mifupani. Na katika uwanda wa Kitulo, ambao wapita mita 2,600, umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi.

Nilikaa katika nyumba ya mzee mmoja wa Kisafwa, Muislamu mwema. Ilikuwa mwaka 1995, nami kijana. Kila alfajiri nikifungua mlango hukuta ndoo ndogo ya maji ya moto, imefunikwa kwa ungo. Natawadha, naswali, naenda kusomesha. Miezi miwili sikuuliza yatoka wapi. Niliyaona, Mungu anisamehe, kama mtu aonavyo jua kuchomoza.

Asubuhi moja sikuikuta ndoo. Nikatia kidole katika pipa la uani, nikakitoa mbio. Basi nikapiga mikono katika vumbi la ukuta, nikatayamamu, nikaswali, nikajiona mwanachuoni. Kulipopambazuka mzee akaja amejifunika blangeti, ana homa tangu usiku. Akaniambia, "Mwalimu, uniwie radhi, leo sikuweza kuamka kuwasha moto. Lakini kuni zipo pale jikoni, na sufuria, ulizipata?" Sikuwa na jibu. Kuni nilikuwa nimeziona kwa macho yangu.

Sasa fahamu mas'ala haya, kwani wengi wa vijana wetu waendao bara kwa biashara huyakosea. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, baridi tupu si udhuru wa kuacha maji. Udhuru ni kuchelea madhara ya mwili, kama ugonjwa au kudhurika kiungo, na pamoja na hayo usiwe na cha kuyapashia moto maji. Mwenye kuni na chombo hana tayamamu. Akiswali kwayo, swala yake si sahihi. Na aliyekosa vyote akachelea madhara, hutayamamu akaswali, kisha huirudia swala ile kwa kauli iliyo na nguvu.

Utaniuliza, mbona Amr bin al-As (R.A.) katika vita vya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 wa Hijra, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali akatayamamu na kuwaswalisha wenziwe, na Bwana Mtume (S.A.W.) alipoambiwa alicheka asimwamrishe kurudia? Wanavyuoni wetu wamejibu ya kwamba kulipa si lazima papo hapo, na ubainifu wajuzu kucheleweshwa mpaka wakati wa haja. Na hoja ya Amr ilikuwa ni aya ya Suratun-Nisaa ikatazayo watu kujiua nafsi zao. Ikumbuke aya hii, tutairejea.

Turudi katika neema. Imepokewa ya kwamba Bwana Mtume na Abubakar na Umar walitoka majumbani mwao kwa njaa, wakaingia kwa mtu wa Ansari. Akawapa tende na nyama na maji baridi, wakala wakanywa. Kisha Bwana Mtume akawaambia kuwa Siku ya Kiyama wataulizwa juu ya neema ile. Tazama: kwa watu wa Madina wenye joto, maji baridi ni neema ya kuulizwa. Kwa mtu wa Mbeya, ni maji ya moto. Na wewe wa pwani, ambaye maji yako si baridi ya kuumiza wala huhitaji kuni, una hesabu gani?

Imamu Ghazali katika Ihyaa amebainisha sababu ya kughafilika huku: neema ikienea kwa wote, mjinga haioni kuwa ni neema. Hakuna ashukuruye kwa pumzi, lakini akikabwa koo kitambo kidogo huijua thamani yake.

Na neno hili la pumzi lina khatari yake huko nyanda za juu. Wakati wa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, nayo huishika damu isiweze kuchukua hewa safi; na aliyelala haamki. Watu wamekufa hivyo, mume na mke na watoto. Bwana Mtume alikwisha kutukataza kuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala, na akasema moto ni adui yetu. Basi ewe uliye Iringa au Mbeya, ota moto uani, au mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla hujalala, ujifunike blangeti mbili. Aya aliyoitolea hoja Amr yakuhusu wewe pia.

Ama mimi, swala ile niliirudia asubuhi ile ile mbele ya mzee, naye hakusema neno. Alfajiri ya pili niliamka kabla ya adhana, nikapuliza moto kwa tabu, moshi ukanitoa machozi, nikampelekea maji mlangoni kwake, nimeyafunika kwa ungo.