Kuogelea Ukubwani: Anza na Pumzi, Mikono Baadaye

Watu wengi waliokulia Mwanza, Kigoma au Mombasa, maji wakiyaona kila siku, hawajui kuogelea. Utotoni walikatazwa kuyakaribia, na ukubwani wanaona haya kujifunza pamoja na watoto. Lakini mtu mzima hujifunza vizuri tu, kwa sababu anaelewa maelekezo na sababu zake. Wengi hukwama kwa kukimbilia kupiga mikono kabla hawajatuliza pumzi.

Maandalizi

Tafuta bwawa lenye sehemu ambayo maji yanakufika kifuani, na mwalimu anayeingia majini pamoja nawe. Vaa nguo inayobana mwili. Wanaojisitiri wanaweza kuvaa vazi la kuogelea la mikono mirefu lenye kofia yake. Kanga au dera likilowa huwa zito na kuzonga miguu. Mwenye kifafa, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Epuka kujifunzia kwenye ukingo wa ziwa wenye majani na maji yaliyotulia, kwani huko hukaa konokono wanaoeneza kichocho.

Pumzi

Shika ukingo wa bwawa. Vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso, kisha toa mapovu polepole kwa pua hadi hewa ikaribie kwisha. Inua uso, vuta tena. Anayebana pumzi chini ya maji hulimbikiza kabonidioksidi, mwili ukaanza kudai hewa, na hofu ikapanda hata kama amesimama kwenye maji ya kifuani. Usisonge mbele mpaka zoezi hili likuchoshe kwa urahisi wake.

Kuelea

Mapafu yakijaa hewa, miili ya watu wengi huwa myepesi kidogo kuliko maji. Lala chali, masikio yazame, macho yatazame juu, kitovu ukiinue. Mwalimu aweke kiganja chini ya mgongo wako, kisha akiondoe taratibu. Ukiinua kichwa kutazama vidole vya miguu, kiuno hushuka papo hapo. Miguu ikizama kidogo usihangaike, hasa kama una misuli mingi. Maji ya chumvi hubeba mwili zaidi ya maji baridi.

Kusimama

Hatua hii husahauliwa, nayo ndiyo inayoondoa hofu. Ukiwa chali, leta magoti na kidevu kifuani, sukuma maji kwa viganja kutoka nyuma kuja mbele, kisha shusha nyayo. Ukijua kusimama kila utakapo, utathubutu kujiachia.

Miguu, kisha mikono

Shika ubao wa kuogelea, piga miguu kuanzia kwenye nyonga, magoti yakiwa yamelegea. Miguu ikikubali, ongeza mkono mmoja mmoja, ukigeuza uso pembeni kuvuta hewa.

Baharini na ziwani

Kuweza bwawani hakutoshi baharini. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu yanaweza kupanda zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Fungu la mchanga ulilolifikia kwa miguu asubuhi litakuwa limefunikwa mchana. Waulize wavuvi saa za maji na mahali penye mkondo, usiogelee peke yako, wala usiingie majini ukiwa umelewa. Ukipanda boti, vaa jaketi okozi hata kama unajua kuogelea.

Ukiona mtu anazama, usimrukie: anayetapatapa humkumbatia mwokozi wake, wakazama wote wawili. Piga kelele kuita watu, mnyooshee mti au kamba, au mrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko. Dumu la lita 20 linaelea vya kutosha kumshikilia mtu mzima mpaka msaada ufike.