SOMO LA WIKI: Hataza iliyonyamaziwa kikaoni

Kampuni inapotangaza kwamba ina hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini, bei ya hisa zake huweza kupanda. Msomaji, kabla hujanunua, uliza hataza hiyo imepitia kikao gani.

Wenye viwanda hukutana na kuchagua kiwango kimoja ili vifaa vya huyu vifanye kazi na vya yule. Kabla ya uchaguzi, njia ziko nyingi nazo hushindana. Mitambo ikishafungwa, kubadili njia ni hasara. Aliyenyamaza kikaoni huweza sasa kudai mrabaha mkubwa. Hapo ndipo sheria za kuzuia ukiritimba huingia.

Tuanze na Dell. Mwaka 1992 mwakilishi wake katika chama cha VESA alitia saini kwamba, kwa kadiri alivyojua, kiwango cha VL-bus cha kupitisha data ndani ya kompyuta hakikugusa hataza ya Dell. Katika miezi 8 ziliuzwa kompyuta zaidi ya milioni 1.4 zenye VL-bus, na Dell ikadai haki yake. Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliingilia. Kwa suluhu ya mwaka 1996, Dell ilizuiwa kuitumia hataza hiyo dhidi ya watumiaji wa VL-bus.

Rambus, iliyokuwa mwanachama wa JEDEC hadi 1996, ilidai mrabaha wa chipu za kumbukumbu za kompyuta. Mwaka 2006 FTC iliitia hatiani. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo: haikuthibitishwa kwamba JEDEC ingechagua njia nyingine kama ingejua. Hata hivyo, mwaka 2009 Rambus iliahidi Tume ya Ulaya kutotoza zaidi ya asilimia 1.5 kwa chipu za DDR2 na DDR3, kwa miaka 5.

Mwekezaji mdogo ajifunze nini? Aulize mambo matatu. Je, kampuni ilishiriki kuandaa kiwango? Kanuni za chama zilidai itaje hataza zake kwa maandishi? Iliahidi kutoza bei ya haki? Majibu yakikosekana, usihesabu mrabaha huo kama faida. Kesi ya Rambus ilianza 2002. Mwenye hisa alisubiri miaka 6 kujua hukumu ya rufaa.