Maji Yanapopenya Ukuta wa Nyuma

Wengi wetu tunaokaa milimani, kama Lushoto, Upare au Rungwe, hatuna kiwanja tambarare. Tunachimba kilima, tunasawazisha, tunajenga. Mara nyingi ukuta wa nyuma unabaki umeegemewa na udongo. Mbele nyumba iko juu ya ardhi, nyuma imefukiwa nusu.

Masika yakija, chumba cha nyuma kinaloa. Rangi inavimba, unga mweupe kama chumvi unatokea ukutani, nguo zinanuka ukungu. Na kwa wengi wetu chumba hicho hicho ndicho stoo ya mahindi!

Hapo pana hatari. Mahindi yaliyopata unyevu huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Kosa tulilofanya

Sisi tuliwahi kumwita fundi, tukamwambia apige lipu ya saruji kwa ndani. Ukuta ulipendeza kweli. Masika yaliyofuata lipu ilibanduka vipande vipande, na matofali ya udongo nyuma yake yalikuwa laini kama ugali mbichi. Kwa nini? Maji yalikuwa bado yanaingia kutoka kilimani, ila sasa yalikosa pa kutokea. Saruji iliyafungia ndani ya ukuta. Fedha yetu ikapotea, na ukuta ukazidi kudhoofika.

Maji yanatoka wapi?

Chukueni kipande cha nailoni, ukubwa wa daftari lililofunguliwa. Kibandikeni ukutani kwa selotepu, kingo zote nne. Ngojeni siku mbili. Mkiona matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Mkiyaona upande wa chumbani, basi ni mvuke wa pumzi na wa kupikia. Huo dawa yake ni kufungua madirisha mchana.

Kazi iko nje

Kama maji yanatoka ukutani, ngojeni kiangazi, mshike jembe. Ondoeni udongo ulioegemea ukuta, mpaka mtu aweze kupita kati ya nyumba na kilima. Lakini angalieni! Msichimbe kwenda chini kuliko msingi, nyumba itakaa vibaya. Na ukingo wa kilima usiachwe wima, ulazeni. Ukingo wima ukilowa huporomoka na kumfukia mtu. Ukiwa mrefu kuliko kimo cha mtu, mwiteni fundi mzoefu kwanza.

Njia hiyo ya nyuma iteremke kutoka ukutani, upana wa vidole vitatu kwa kila mita moja. Chini ya ukingo chimbeni mfereji wa kupeleka maji pembeni. Chimbeni na mwingine juu zaidi kilimani, ukate maji kabla hayajaifikia nyumba. Tena muulizane: mfereji utamwaga wapi? Msimwagie jirani wa chini, maana huo ndio ugomvi unaofika baraza la kata. Maji kidogo yapelekeni kwenye migomba.

Mabati nayo yatokeze mbali na ukuta. Sakafu ya ndani iwe juu kuliko ardhi ya nje.

Baada ya hapo bomoeni lipu ya saruji iliyooza. Ukuta uacheni wazi kiangazi chote, usiharakishwe. Ukikauka, upakeni lipu ya udongo na mchanga, au ya chokaa. Hizi huacha ukuta upumue. Chokaa huunguza macho, basi fundi ajikinge.

Magunia je? Hata ukuta ukikauka, yawekwe juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Mkono upite nyuma yake.

Zoezi

Mvua kubwa ikinyesha, simameni nyuma ya nyumba mkiwa na mwavuli. Tazameni maji yanakopita, mchore ramani yake kwenye daftari. Halafu wekeni alama mahali mfereji unapotakiwa kuanzia.