Foleni ya Wagonjwa wa Dharura: Kwa Nini Wastani Hautoshi

Iguguno, wilayani Mkalama, iko kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Mabasi na malori hupita hapo usiku na mchana. Tuseme basi limepinduka karibu na hapo, na majeruhi wanapelekwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Singida. Je, chumba cha dharura chapaswa kuwa na wauguzi wangapi ili majeruhi hao wahudumiwe kwa wakati? Swali hili laonekana kuwa la utawala na fedha tu. Kwa hakika ni la hisabati pia, na mwanafunzi wa sekondari aweza kulifuatilia.

Kosa la wastani

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi mmoja humhudumia mgonjwa kwa wastani wa dakika 15, yaani wagonjwa 4 kwa saa. Wagonjwa wajao ni 18 katika kila saa 5, yaani wastani wa 3.6 kwa saa. Mtu atasema kwamba muuguzi mmoja anatosha. Lakini wagonjwa hawaji kwa ratiba. Saa moja hafiki hata mmoja. Saa ifuatayo wafika saba. Na muda ambao muuguzi alikaa bila mgonjwa hauwezi kuwekwa akiba ili utumike baadaye.

Jambo hili lilichunguzwa na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu mjini Copenhagen. Mwaka 1909 alichapisha makala kuhusu simu zinazopigwa kwa nasibu. Hesabu zake hutumika leo kwa foleni za kila namna.

Kanuni

Ikiwa K ni idadi ya wagonjwa wajao kwa saa, na H ni idadi ambayo muuguzi mmoja aweza kuhudumia kwa saa, basi wastani wa muda wa kungoja, kwa saa, ni:

K ÷ [H × (H − K)]

Kwa H = 4 twapata:

K = 2: dakika 15
K = 3: dakika 45
K = 3.6: dakika 135

Angalia kwamba kutoka 3 hadi 3.6 wagonjwa wameongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, ilhali muda wa kungoja umekuwa mara tatu. Sasa tumwongeze muuguzi wa pili, wote wawili wakihudumia foleni moja. Kanuni ndefu zaidi ya Erlang yaonyesha kwamba dakika 135 zitapungua hadi 4 hivi.

Katika chumba cha dharura, wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao wala si kwa zamu ya kufika. Utaratibu huo huokoa maisha, lakini haufupishi foleni. Huamua tu nani angoje. Hauwezi kuchukua nafasi ya mfanyakazi.

Nafasi moja si mtu mmoja

Chumba cha dharura hakifungwi. Mwaka una saa 8,760. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, pamoja na likizo ya siku 28. Hivyo mtu mmoja hufanya kazi wiki 48, yaani saa 2,160. Tukigawanya, nafasi moja yahitaji watu zaidi ya 4. Nafasi mbili zahitaji watu 9, kabla hata mmoja wao hajaugua.

Hivyo basi, muuguzi anayeonekana kukaa bila kazi kwa nusu saa hapotezi fedha za umma. Nafasi hiyo ndiyo itakayowapokea majeruhi wa basi.

Zoezi

1. Tafuta muda wa kungoja ikiwa H = 4 na K = 3.8.
2. Kwa nini kanuni haifai pale K inapolingana na H?
3. Hesabu watu wanaofika katika kisima au duka la kijijini kwako kila dakika 10, kwa saa mbili. Linganisha wastani na idadi kubwa kabisa uliyoipata.